Kufa Badala ya Mume: Mhanga wa Alcestis katika Tanzia ya Euripides

Ikisiri

Makala haya yanafafanua dhana ya mke kujitoa mhanga kwa ajili ya mumewe katika visasili na tanzia za Wagiriki wa kale, kwa kurejelea Alcestis, tamthilia ya Euripides iliyooneshwa Athens mwaka 438 KK. Kwa muda mrefu tamthilia hiyo imesomwa kama sifa kwa mke mwema. Uchambuzi wa matini unaonesha kuwa sifa hiyo imo, lakini imewekewa masharti. Mke anapewa nafasi ya kutaja mwenyewe thamani ya anachokitoa, mume anabaki na uhai asioweza kuufurahia, na mke anaporudi kutoka kuzimu hasemi neno. Hoja inayotetewa ni kwamba kurudi kwa Alcestis kunamwondolea Admetus msiba bila kumwondolea deni.

1.0 Kisasili kabla ya Tamthilia

Alcestis alikuwa binti wa Pelias, mfalme wa Iolcus katika Thessaly. Homer, katika kitabu cha pili cha Iliad, anamtaja kwa kupita tu: ni mama wa Eumelus, mmoja wa viongozi wa Wagiriki waliokwenda Troy, na ndiye aliyewashinda kwa uzuri mabinti wengine wa Pelias. Habari ya kufa kwake haimo mahali hapo. Masimulizi kamili zaidi yamehifadhiwa katika mkusanyiko wa visasili unaojulikana kwa jina la Apollodorus, ambao ni wa karne nyingi baada ya Euripides. Humo inaelezwa kwamba Pelias alitangaza kumwoza binti yake kwa mwanamume atakayeweza kuwafunga nira simba na nguruwe mwitu, wakavuta gari moja. Admetus, mfalme wa Pherae, aliyatimiza hayo kwa msaada wa mungu Apollo. Siku ya harusi alisahau kumtolea sadaka Artemis, na alipofungua chumba cha maharusi alikikuta kimejaa nyoka waliojiviringa. Apollo alimshauri amtulize mungu huyo, kisha akamwombea kwa Moirai, miungu wa kike wanaogawa mafungu ya uhai, kwamba siku ya kufa kwake itakapofika asamehewe iwapo mtu mwingine atakubali kufa badala yake.

Sababu ya Apollo kumpendelea Admetus inatoka katika tukio jingine. Zeus alimuua Asclepius, mwana wa Apollo, kwa sababu alifufua wafu. Apollo kwa hasira akawaua Cyclopes waliomfulia Zeus radi, naye akaadhibiwa kwa kutumikishwa kama mchungaji kwa mwanadamu. Mwanadamu huyo alikuwa Admetus, ambaye alimtendea mtumishi wake kwa heshima. Mtiririko huu una maana kubwa kuliko unavyochukuliwa na wachambuzi wengi: kisa chote kinaanzia kwenye kosa la kufufua mfu na kinamalizikia kwa mfu aliyerudishwa. Aeschylus, katika Eumenides ya mwaka 458 KK, anawafanya Erinyes kumsuta Apollo kwa kuwalewesha Moirai kwa mvinyo ili wabadili mgawo wa kale. Hadhira ya Athens, basi, ilikijua kisa hiki kabla ya Euripides, na ilijua pia kwamba uhai wa nyongeza wa Admetus ulipatikana kwa hila.

Albin Lesky, katika utafiti wake wa mwaka 1925, alionesha kuwa kiini cha kisa hiki ni ngano inayopatikana kwa watu wengi: bwana harusi anadaiwa roho yake, anawaomba wazazi wake wamkomboe, wanakataa, na mchumba wake anakubali. Katika ngano ya namna hiyo kila kitu hutendeka usiku mmoja, na hakuna anayeuliza maswali. Euripides alifanya badiliko moja ambalo matokeo yake yanaenea katika tamthilia nzima. Aliutenganisha wakati wa kuahidi na wakati wa kufa. Alcestis wa jukwaani si biarusi. Ni mke aliyekaa katika nyumba, mama wa mtoto wa kiume na wa kike, ambaye ameishi akijua kuwa siku yake inakuja. Admetus naye ameishi akiijua. Tamthilia haielezi miaka hiyo ilipitaje, na ukimya huo ni wa kwanza kati ya ukimya mbili muhimu katika kazi hii.

2.0 Istilahi: Kafara, Fidia au Badala?

Msomaji wa Kiswahili anapolikabili tukio hili ana maneno kadhaa ya kuchagua, na uchaguzi wake si jambo dogo. Kafara ni kinachotolewa ili kuondoa balaa au kufuta kosa, na kwa kawaida anayetolewa haulizwi. Neno hili linamfaa zaidi Iphigenia, binti wa Agamemnon, ambaye kuchinjwa kwake kulitakiwa na Artemis ili merikebu zipate upepo. Fidia ni malipo ya kumkomboa mtu kutoka mikononi mwa anayemshikilia. Hapa wazo la biashara linaonekana wazi. Kujitoa mhanga kunaweka mkazo kwenye hiari ya mtendaji. Kufa kwa Alcestis kunagusa maana zote hizi, lakini hakuna neno moja kati ya hayo linalokutosheleza.

Kigiriki cha Euripides chenyewe kinatumia njia zaidi ya moja. Mwanzoni mwa hotuba yake ya kuaga, Alcestis anatumia vihusishi viwili karibu karibu: kimoja chenye maana ya mbadala, kwamba ametoa roho yake mahali pa roho nyingine, na kingine chenye maana ya kwa ajili ya au kwa manufaa ya mtu. Kiswahili kinaweza kuitunza tofauti hiyo bila taabu: kufa badala ya mume ni hesabu, kufa kwa ajili ya mume ni upendo. Mhusika huyo anazisema zote mbili kwa pumzi moja, na baada yake kila mhusika anachagua ile inayomfaa. Wazee wa korasi wanasikia upendo. Pheres, baba wa Admetus, anasikia hesabu tupu. Katika mabishano na mwanawe anasisitiza kuwa hakuna desturi ya mababa, wala ya Wagiriki, inayomtaka mzazi afe kwa niaba ya mtoto.

Mipaka ya dhana inaonekana vizuri zaidi ikilinganishwa na wake wengine wa tanzia. Evadne, katika tamthilia ya Euripides kuhusu wanawake waombaji, anavaa mavazi ya sherehe na kujirusha katika moto unaomteketeza mumewe Capaneus, mbele ya macho ya baba yake mwenyewe, akidai kuwa amepata ushindi juu ya wanawake wote. Laodamia, mke wa Protesilaus, hakuweza kuendelea kuishi baada ya mumewe kuuawa Troy. Hao wawili wanakufa pamoja na mume au nyuma yake. Kifo chao hakimwokoi mtu. Alcestis anakufa mbele ya mume ili mume aishi. Evadne hamwachii yeyote deni, isipokuwa baba mwenye majonzi. Alcestis anamwachia mume deni, na analijua.

3.0 Kifo Kinachooneshwa Jukwaani

Ni nadra katika tanzia za Kigiriki mhusika kufa mbele ya watazamaji. Kwa desturi kifo hutokea ndani ya nyumba au mbali, na mjumbe huja kusimulia. Euripides anatumia njia zote mbili. Kwanza mtumishi wa kike anatoka na kusimulia jinsi bibi yake alivyoiandaa siku yake: alioga kwa maji ya mto, akachagua nguo na mapambo, akasimama mbele ya Hestia, mungu wa makaa ya nyumba, kuwaombea wanawe. Kwa mwana wa kiume aliomba mke mwenye upendo, kwa binti mume wa heshima, na kwa wote wawili wasife kabla ya wakati kama mama yao. Akazunguka madhabahu zote za nyumbani akizipamba kwa majani ya mhadasi, bila chozi, bila rangi ya uso kubadilika. Kisha akaingia chumbani, akakiona kitanda cha ndoa, na hapo ndipo alipolia. Alikiaga kitanda hicho akijua kuwa mwanamke mwingine atakuja kukimiliki, ambaye hatakuwa mwaminifu kumshinda yeye ila labda atakuwa na bahati zaidi. Kila alipotoka chumbani alirudi tena. Hatimaye aliwapa mkono watumishi wote, hata wa chini kabisa.

Simulizi hilo linafuatwa na Alcestis mwenyewe. Anatolewa nje akiwa dhaifu, anaaga jua, anamwona Charon akimwita kwenye mashua ya wafu. Kisha mtindo unabadilika ghafla: maombolezo yanakoma, na mwanamke aliyekuwa akiweweseka anatoa hotuba iliyopangwa vizuri, ya mistari 46. Baadhi ya wahakiki wameiona hotuba hii kuwa baridi mno kwa mtu anayekata roho. Hukumu hiyo inapima tanzia ya Athens kwa kipimo kisicho chake. A. M. Dale, katika toleo lake la mwaka 1954, alieleza kuwa mhusika wa Euripides huzungumza kwa kufuata mahitaji ya hoja iliyo mbele yake, si kwa kufunua hisia za ndani peke yake. Alcestis anatetea kesi, na kesi yenyewe ni nzito.

Anachokisema kinaweza kufupishwa hivi. Hakulazimika kufa, angeweza kuolewa na mwanamume yeyote wa Thessaly aliyemtaka na kukaa katika nyumba ya kifalme. Hakutaka kuishi bila Admetus, pamoja na watoto yatima, wala hakuuonea uchoyo ujana wake. Wazazi wa Admetus walikuwa katika umri ambao kufa kungewapa heshima, hawakuwa na mtoto mwingine wala tumaini la kumpata, na bado walimsaliti. Kwa hiyo Admetus naye alipe. Malipo hayatalingana na alichopewa, kwa kuwa hakuna kitu chenye thamani ya uhai; lakini yatakuwa ya haki. Asioe tena. Asiwaletee watoto mama wa kambo, atakayewaonea wivu na kuwanyoshea mkono. Mvulana ana baba wa kumkinga. Binti ndiye anayemhofia zaidi, kwa kuwa hatakuwa na mama wa kumwoza wala wa kusimama karibu naye atakapojifungua.

Neno upendo halichukui nafasi kubwa katika hotuba hiyo, na hilo limewasumbua wasomaji wengi. Phaedrus, katika Symposium ya Plato, hana shaka: Alcestis alikufa kwa mapenzi, akawapita wazazi wa mumewe hata wakaonekana kuwa jamaa kwa jina tu, na miungu wakairudisha roho yake kwa kustaajabia tendo hilo. Baadaye katika kitabu hichohicho maneno ya Diotima yanalipinga wazo hilo: Alcestis asingekufa kama asingetarajia kukumbukwa milele kwa wema wake. Tamthilia haimkubali yeyote kati ya hao kikamilifu. Kinachoonekana katika hotuba ni mama anayetumia haki ya pekee aliyonayo, ile ya mdai, kuwalinda watoto wake baada ya kifo. Mwanamke wa Athens aliishi maisha yake yote chini ya mlezi wa kisheria: baba, mume, au mwana. Hakuweza kuingia mikataba mikubwa kwa jina lake. Mbele ya mashahidi, yaani korasi na watoto, Alcestis anamfunga mumewe kwa ahadi. Mhanga wake umemnunulia uwezo ambao akiwa hai asingekuwa nao.

Admetus anaahidi kupita alichoombwa. Ataomboleza maisha yake yote, si mwaka mmoja. Muziki na karamu vitakoma. Mafundi watachonga sanamu yenye umbo la mkewe, nayo italazwa kitandani aikumbatie. Wingi huo wa ahadi una jambo la kutia mashaka. Aliyeombwa kitu kimoja na kutoa vitano hujiweka katika hatari ya kushindwa hata kile kimoja.

4.0 Mume Aliyebaki

Alcestis anafariki kabla ya mstari wa 400, na tamthilia ina mistari 1163. Sehemu kubwa ya kazi, basi, inahusu mtu aliyefaidika na mhanga huo. Kwa mizani hii peke yake ni vigumu kukubali kwamba mwandishi alikusudia kumsifu mke tu.

Pheres anafika na mapambo ya kumzika mkwe wake. Admetus anamfukuza. Anamwambia kuwa si baba yake wa kweli, na kwamba afanye haraka kuzaa watoto wengine watakaomlea uzeeni na kumzika, kwa sababu yeye hatafanya hivyo. Kwa hadhira ya Athens maneno hayo yalikuwa mazito mno. Sheria za mji huo ziliwabana wana kuwatunza wazazi na kuwazika, na aliyekataa alistahili kushtakiwa. Jibu la Pheres ni kali zaidi, na ubaya wake ni kwamba lina ukweli. Mwana anapenda kuuona mwanga. Je, anadhani baba haupendi? Kama kukataa kufa ni woga, basi mwoga wa kwanza ni Admetus mwenyewe, aliyeukimbia mgawo wake kwa kumuua mkewe. Amegundua, anasema mzee huyo kwa kejeli, njia ya kutokufa kamwe: ni kumshawishi kila mke atakayemwoa afe kwa niaba yake.

Pheres ni mhusika asiyependeza, na Euripides hafanyi juhudi ya kumpendezesha. Hata hivyo shutuma zake hazijibiwi. Zinabaki hewani mpaka Admetus anaporudi kutoka makaburini na kusimama mbele ya mlango asioweza kuuingia. Hapo anakiri kuwa amefahamu, lakini amechelewa. Anaona hali ya mkewe kuwa afadhali kuliko yake: yeye hataguswa tena na maumivu, na amepumzika akiwa na jina jema. Ndani kunamngoja kitanda kitupu, viti alivyozoea kukalia, sakafu isiyofagiwa, watoto wanaomlilia mama. Nje wanamngoja adui zake, watakaosema: huyu ndiye anayeishi kwa aibu, aliyemtoa mkewe ili akwepe Mauti, kisha anawachukia wazazi wake ilhali yeye mwenyewe hakutaka kufa. Maneno anayowawekea adui kinywani ni yaleyale ya baba yake.

Kwa hiyo zawadi ya Alcestis imeharibika mikononi mwa aliyepewa. Alipewa uhai, lakini mambo yaliyoufanya uhai huo utamanike, yaani mke, heshima, na furaha ya nyumba, ndiyo yaliyotumika kuulipia. Wengine wamemtetea Admetus kwa kusema kwamba mfalme ni nguzo ya mji na hana budi kuokolewa. Utetezi huo una nguvu katika ngano. Katika tamthilia hakuna anayeutoa, hata korasi ya wazee wa Pherae, ambayo ingekuwa ya kwanza kuukumbuka.

Kinachomwokoa Admetus ni ukarimu, sifa ileile iliyomvutia Apollo. Heracles anapita Pherae akienda Thrace kuwatwaa farasi wa Diomedes wanaokula watu. Anaikuta nyumba katika msiba. Admetus, kwa kuogopa kumfukuza mgeni, anamficha ukweli kwa maneno yenye sura mbili: aliyekufa ni mwanamke asiye wa damu yao. Kisheria ni kweli, maana mke alitoka ukoo mwingine. Kwa kila maana nyingine ni uongo. Mgeni anakula, anakunywa, anaimba. Mtumishi mwenye uchungu ndiye anayemfungua macho, na Heracles aliyeaibika anakwenda kaburini kumvizia Mauti.

5.0 Mwanamke Mwenye Utaji

Tamthilia hii ilishika nafasi ya nne katika kundi la kazi nne za Euripides mwaka ule, nafasi ambayo kwa desturi ilikuwa ya mchezo wa masatiri, wenye mizaha na mwisho wa furaha. Mwandishi alipata tuzo ya pili. Ya kwanza ilikwenda kwa Sophocles. Nafasi hiyo inaeleza ulevi wa Heracles na kwa nini mwisho una sura ya ndoa. Haiwezi, hata hivyo, kuueleza mwisho huo wote.

Heracles anarudi na mwanamke aliyefunikwa uso. Anadai kuwa amempata kama zawadi katika mashindano, na anamwomba Admetus amtunze nyumbani. Admetus anakataa. Umbo la mwanamke huyo linamkumbusha mkewe, watu watasema nini, atamlaza wapi? Heracles anashikilia, na hatimaye Admetus, kwa kumstahi rafiki, anakubali kumpokea kwa mkono wake mwenyewe, huku akigeuza uso pembeni. Kwa tendo hilo amemwingiza mwanamke mwingine katika nyumba ya Alcestis siku ileile ya mazishi. Ahadi aliyoitoa mbele ya watoto imevunjika kwa sura yake ya nje kabla utaji haujafunuliwa. Kwamba mwanamke huyo ni Alcestis hakumsafishi moja kwa moja, kwa kuwa alipomshika mkono hakujua. Hapa pia kuna mzunguko wa kejeli: biarusi anakabidhiwa mkono kwa mkono, utaji unafunuliwa, ndoa inaanza upya, na mume ameipata kwa kushindwa mtihani.

Admetus anauliza kwa nini mkewe amesimama bila kusema. Heracles anajibu kwamba si halali asikie sauti yake mpaka atakapotakaswa na kufunguliwa kutoka kwa miungu wa kuzimu, na siku ya tatu ifike. Wataalamu wa jukwaa wameongeza maelezo mengine: tamthilia inaweza kuigizwa na waigizaji wawili tu wenye kusema, na katika onesho la mwisho wote wawili wana kazi, hivyo aliyesimama chini ya utaji alikuwa mtu asiyepewa maneno. Maelezo hayo mawili hayapingani. Lakini hayamalizi jambo. Mwandishi aliyempa mwanamke huyu mistari 46 ya kutaja thamani ya uhai wake angeweza kumaliza kisa bila kumrudisha mbele ya macho yetu, au kumrudisha baada ya siku tatu. Amechagua kumleta akiwa shahidi asiyeweza kuhojiwa.

Alcestis aliposema, aliweka sharti. Anaporudi hatujui kama anajua mkono wa mumewe ulinyoshwa kupokea nini. Hatujui kama alisikia kutoka kaburini mabishano ya Admetus na Pheres, wala atalinganishaje ahadi ya sanamu kitandani na mgeni aliyekubaliwa mlangoni. Admetus anaamuru mji ucheze na madhabahu zifuke moshi wa sadaka, akitangaza kuwa maisha yao sasa ni bora kuliko yale ya kwanza. Heracles anaaga, kwa kuwa bado ana kazi ya Eurystheus. Mume anamwongoza mkewe kuingia ndani, na siku tatu ndiyo kwanza zinaanza kuhesabiwa.